Masihi ni wangapi? Barua zenu juu ya Henoko, Ezra na magombo ya Qumran

Toleo lililopita tuligusa Danieli 7, maono ya wanyama wanne na ya aliye mfano wa mwanadamu, kwa aya mbili tu, barua zikaanza kumiminika kutoka mitaa yetu ya Lubumbashi, Katuba, Kampemba, Ruashi, mpaka mji wa Kipushi. Karibu zote zinaulizia jambo moja: Wayahudi waliotawaliwa na Wagiriki na Warumi walimngoja Masihi wa namna gani? Jibu fupi ni kwamba hawakumngoja kwa namna moja. Kila andiko lina wake, lingine halina kabisa, na anayewachanganya wote hamwoni hata mmoja. Majibu marefu ni haya.

*Jambo sana wahariri. Niko na fotokopi ya Kitabu cha Henoko kwa Kifaransa. Aliyeniuzia alisema ni kitabu kilichofichwa na kanisa, kikaja kuonekana katika mapango ya Bahari ya Chumvi, na kwamba ndani yake Mwana wa Adamu ametajwa kabla ya Injili. Ni kweli? — Mwanafunzi, Katuba*

Ndugu mwanafunzi, uliyoambiwa yana ukweli, ila yamechanganywa. Anza kwa kuthibitisha una Henoko yupi, maana vitabu vyenye jina hilo ni vitatu. Hesabu sura. Kama ni 108, na sura ya 6 inasimulia malaika 200 walioshuka juu ya mlima Hermoni kwa kuwatamani binti za watu, hicho ni Henoko wa Kwanza, ambacho kimehifadhiwa chote kwa Kigeezi, lugha ya kale ya Ethiopia. Kama Henoko anapandishwa mbingu moja baada ya nyingine hadi ya saba, au ya kumi katika nakala ndefu, unacho Henoko wa Pili, kilichotufikia kwa Kislavoni. Na kama msimulizi ni rabi Ishmaeli, na malaika mkubwa anaitwa Metatron, hicho ni cha tatu, cha Kiebrania, kilichoandikwa karne nyingi baadaye. Jalada likiandikwa "Henoko" tu, halijakuambia kitu.

Sasa habari ya mapango. Huko Qumran, penye mapango hayo ya Bahari ya Chumvi, zilipatikana nakala 11 za Kiaramu zenye vipande vya Henoko wa Kwanza. Kitabu hicho kina sehemu tano: Walinzi (sura 1–36), Mifano (37–71), Mianga ya mbinguni (72–82), Ndoto (83–90) na Waraka (91–108). Vipande vya Qumran vinatoka katika sehemu nne. Cha Mifano hakijaonekana hata kimoja, na Mwana wa Adamu unayemtafuta yumo katika Mifano. Kwa hiyo hakufukuliwa pangoni. Tunamjua kwa nakala za Kigeezi. Wataalamu wengi huiweka Mifano kati ya mwisho wa karne ya 1 K.K. na karne ya 1 B.K. Dalili mojawapo ni sura ya 56, inayowataja Waparthi (watawala wa Uajemi wa wakati huo) na Wamedi wakija juu ya nchi. Waparthi waliingia Yudea mwaka 40 K.K.

Wala kitabu hakikufichwa. Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia linacho katika Biblia yake mpaka leo, waraka wa Yuda (mistari 14–15) unakitaja kwa maneno yake, na Mskoti James Bruce alirudi Ulaya mwaka 1773 akiwa na nakala tatu kutoka Ethiopia.

Huyo Mwana wa Adamu ukitaka kumjua, soma sura ya 46, 48, 62 na 71 kwa mfululizo, Danieli 7 ikiwa wazi pembeni. Katika 46 Henoko anamwona Mungu, kichwa chake cheupe kama sufu, na pamoja naye mwingine mwenye uso kama wa mtu. Katika 48 jina lake limetajwa mbele ya Bwana wa roho, yaani Mungu, kabla jua na nyota hazijaumbwa. Anaitwa pia Mteule, Mwenye Haki, na mara mbili Masihi (48:10 na 52:4). Katika 62 anaketi kwenye kiti cha utukufu, wafalme na wenye nguvu wanamtambua, wanaanguka kifudifudi, wanaomba rehema, hawapewi. Rudi kwa Danieli uone tofauti: huko aliye mfano wa mwanadamu anakuja na mawingu, anapewa mamlaka, basi. Hahukumu mtu. Baraza limekwisha kuketi na mnyama amekwisha kuuawa kabla yeye hajaletwa, na mstari wa 27 unasema ufalme wanapewa watu wa watakatifu. Mwandishi wa Mifano amemchukua huyo wa Danieli akamkalisha kwenye kiti cha hakimu. Ni hatua kubwa sana, na msomaji wa Injili ya Mathayo 25:31, ambapo Mwana wa Adamu anaketi kwenye kiti cha utukufu wake, atajua mara moja kwa nini tunaitilia uzito.

Sura ya 71 ina fumbo: Henoko anaambiwa kwamba yeye mwenyewe ndiye yule Mwana wa Adamu. Wengine husema sura hiyo iliongezwa, wengine husema ndio upeo wa kitabu chote. Usiiruke kwa sababu inakusumbua.

*Baba na mama wa gazeti, katika chumba chetu cha maombi mhubiri mgeni alisema Ezra alitabiri kifo cha Yesu: Masihi atakaa miaka 400, kisha atakufa. Nimefungua Ezra yangu, ina sura 10 tu, neno hilo sikulipata. Nitafute wapi? — Mama wa Kampemba*

Mama, Biblia yako haina kasoro. Mhubiri alikuwa anataja kitabu kingine, Ezra wa Nne. Kiliandikwa na Myahudi karibu mwaka 100 B.K. kwa jina la Ezra wa zamani. Kinasema (3:1) kwamba ni mwaka wa thelathini baada ya kuanguka kwa mji wa Yerusalemu, na kinamweka Ezra Babeli. Lakini mji unaoliliwa ni ule uliochomwa na Warumi mwaka 70. Katika Biblia ya Kilatini iliyochapwa Roma mwaka 1592 kiliwekwa nyuma kabisa, kama nyongeza. Kwa Kifaransa utakipata katika TOB (tafsiri ya Biblia iliyofanywa na makanisa mbalimbali pamoja) ya mwaka 2010; matoleo ya TOB ya kabla ya hapo hayanacho, kwa hiyo angalia mwaka kabla hujalipa.

Ujue pia kwamba kitabu chenyewe ni cha tabaka mbili. Sura 3–14 ni za Kiyahudi. Sura 1–2 na 15–16 ziliongezwa na Wakristo. Kama wewe ni Mkatoliki, umekwisha kuisikia sura ya 2 matangani: sala ile ya marehemu, ya raha ya milele na mwanga wa milele, imetokana na 2:34–35.

Maneno ya mhubiri yako 7:28–33, na mfuatano wake ni huu. Masihi anafunuliwa pamoja na walio naye. Waliobaki hai wanafurahi miaka 400. Kisha Masihi anakufa, na wote wenye pumzi ya mwanadamu wanakufa. Dunia inarudia kimya cha mwanzo kwa siku 7, kama kabla ya uumbaji. Halafu nchi inawarudisha waliolala ndani yake, na Aliye Juu anaketi kwenye kiti cha hukumu.

Isome polepole, mama, utaona mhubiri aliteleza wapi. Masihi huyu hafi kwa ajili ya mtu yeyote. Hakuna msalaba wala damu, hakuna dhambi aliyoibeba. Anakufa kwa kuwa ulimwengu huu unafungwa, na yeye ni wa ulimwengu huu. Furaha yake ina mwisho ili ulimwengu ujao uanze upya kabisa. Na anayehukumu katika mistari hiyo ni Mungu mwenyewe. Kwa mwandishi aliyeona hekalu likigeuka majivu, hata siku njema za Masihi hazitoshi kuwa jibu la mwisho. Hilo ndilo wazo zito la kitabu, na linapotea ukilibandika Kalvari juu yake.

Kosa lenyewe lina chanzo. Nakala za Kilatini zinasoma "mwanangu Yesu" katika 7:28. Mkono wa Mkristo umepita hapo. Nakala za Kisiria zinasoma "mwanangu Masihi". Kilatini kinasema miaka 400, Kisiria 30. Hesabu ya 400 inaeleweka: Mwanzo 15:13 inasema uzao wa Abrahamu utateswa miaka 400, Zaburi 90:15 inaomba furaha kwa kadiri ya siku za mateso. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi, katika Sanhedrini 99a, inaunganisha aya hizo mbili vilevile.

Kabla ya kunukuu sura ya 7 kwa mtu, tazama inaishia wapi. Ikiishia mstari wa 70, toleo lako linakosa kipande kizima. Katika nakala moja ya Kilatini ya mwaka 822 karatasi moja ilikatwa, na nakala nyingi za baadaye zikafuata pengo hilo. Kipande kiliweza kuchapwa tena mwaka 1875, baada ya Robert Bensly kukikuta katika nakala ya Amiens, Ufaransa. Sura nzima ina mistari 140, na katika iliyopotea (36–105) mna fundisho kwamba siku ya hukumu hakuna atakayeweza kumwombea mwenzake.

*Mhubiri wa barabarani hapa kwetu anasema mnyama wa nne wa Danieli ni shirika fulani la leo. Mwezi uliopita lilikuwa shirika lingine. Mnyama huyo ni nani hasa? — Fundi redio, komini ya Kenya*

Inategemea unamuuliza nani, na katika maandiko haya jambo hilo limesemwa waziwazi. Wanahistoria wengi huona kwamba katika Danieli, kilichokamilishwa kati ya mwaka 167 na 164 K.K., mnyama wa nne ni ufalme wa Kigiriki ulioanzia kwa Iskanda Mkuu, na pembe ndogo ya mnyama huyo ni mfalme Antioko wa Nne, aliyeinajisi madhabahu ya Yerusalemu. Miaka kama 260 baadaye, Ezra wa Nne (12:11–12) anaambiwa: tai uliyemwona ni ufalme wa nne alioonyeshwa ndugu yako Danieli, lakini yeye hakufasiriwa kama ninavyokufasiria wewe. Mwandishi anakiri kwamba anabadilisha. Tai ni Roma.

Na ukimtazama huyo tai kwa karibu, utaona ni kalenda ya watawala. Anatoka baharini akiwa na mabawa 12, mabawa madogo 8 na vichwa 3. Bawa la pili linaambiwa kwamba hakuna atakayetawala baada yake muda kama wake, wala nusu yake (11:17). Huyo ni Augusto. Hesabu tangu kifo cha Julio Kaisari mwaka 44 K.K. hadi kifo cha Augusto mwaka 14 B.K., unapata miaka 57. Nusu yake ni 28 na kitu. Tiberio aliyemfuata alitawala miaka 23, na hadi mwisho wa karne hiyo hakuna aliyempita. Vichwa vitatu ni Vespasiano (69–79), Tito (79–81) na Domitiano (81–96): baba aliyekuja kuipiga Yudea, mwana aliyelichoma hekalu, na ndugu yake. Kichwa cha kati kinatoweka, na maelezo yanasema mfalme huyo atafia kitandani mwake kwa maumivu. Vespasiano alikufa kwa ugonjwa. Kichwa cha kuume kinakimeza cha kushoto; Warumi wenyewe walinong'ona kwamba Domitiano alimmaliza Tito. Mabawa madogo ndiyo yanayosumbua, na orodha za wataalamu hazilingani hapo.

Halafu anatoka simba mwituni akinguruma. Ni Masihi wa uzao wa Daudi, ambaye Aliye Juu amemweka akiba hadi mwisho wa siku (12:32). Anafanya nini? Anasema. Anamshitaki tai usoni: umeihukumu dunia bila kweli, umewaonea wapole, umebomoa nyumba za waliozaa matunda. Baada ya maneno hayo mwili wa tai unaungua. Katika sura ya 13, ambapo Masihi anaonekana kama mtu anayepanda kutoka baharini na kuruka na mawingu, anaushinda umati bila mkuki wala silaha, kwa moto unaotoka kinywani, na moto huo unafasiriwa kuwa ni Sheria. Kwetu hapa, ambapo kila kizazi kimejua utawala wa bunduki, sura hizi mbili zinastahili kusomwa kwa sauti.

Domitiano aliuawa mwaka 96 na watu wa nyumba yake, Roma ikaendelea. Anayetaka kufanya kama Ezra, kumpa mnyama jina la zama zake, na afanye pia kama Ezra alivyofanya: aseme hadharani kwamba tafsiri ni mpya. Kusema "Danieli aliandika juu ya shirika hili" ni kumsingizia Danieli.

*Je, kila kitabu cha ufunuo cha Kiyahudi kina Masihi? — Katekista, Kipushi*

Hapana. Katika Walinzi wa Henoko anashuka Mungu mwenyewe kuhukumu. Katika Danieli 12 anayesimama ni malaika Mikaeli. Henoko wa Pili na Baruku wa Tatu wanazunguka mbinguni bila kumhitaji. Na "masihi" anayekatiliwa mbali katika Danieli 9:26 huonwa na wataalamu wengi kuwa ni Onia wa Tatu, kuhani mkuu aliyeuawa karibu mwaka 171 K.K.

*Nimesikia watu wa Qumran waliwangoja Masihi wawili. Inawezekanaje? — Kiongozi wa korali, Ruashi*

Inawezekana kabisa, ndugu, kwa sababu "masihi" maana yake ni mpakwa mafuta, na katika Maandiko wanaopakwa mafuta ni hasa wa aina mbili, kuhani na mfalme. Zekaria 4:14 aliwaona wawili wakisimama pamoja, na wengi huwaelewa kuwa ni Yoshua kuhani mkuu na Zerubabeli wa ukoo wa Daudi. Kanuni ya Jumuiya, gombo lililotoka katika pango la kwanza mwaka 1947, inaagiza (safu ya 9, mstari wa 11) sheria za mwanzo zishikwe mpaka atakapokuja nabii na masihi wa Haruni na wa Israeli. Hapo wako watatu. Lakini nakala nyingine ya Kanuni hiyo, kutoka pango la nne, haina mstari huo, na Waraka wa Damasko, andiko lingine la watu hao, unasema "masihi wa Haruni na Israeli" kama mtu mmoja. Hata jumuiya moja haikuwa na kauli moja.

Ukubwa wa kuhani unaonekana mezani. Nyongeza ya Kanuni inapanga mlo wa siku za mwisho hivi: kuhani anaingia kwanza mbele ya kusanyiko lote, kisha ndugu zake wana wa Haruni wanaketi kwa cheo chao. Ndipo Masihi wa Israeli anaingia, na mbele yake wanaketi wakuu wa maelfu. Mkate na divai vikiandaliwa, asinyooshe mtu mkono kabla ya kuhani, maana yeye ndiye anayebariki. Baadaye Masihi wa Israeli anaugusa mkate, na mwisho kusanyiko lote linabariki, kila mtu kwa heshima yake. Utaratibu huo ufuatwe popote wanapokutana watu wasiopungua kumi. Kwa hiyo walikuwa wanaufanyia mazoezi katika kila mlo.

Kwa nini kuwatenganisha? Wahasmonea, ukoo wa makuhani uliotawala Yudea kabla ya Warumi, walikuwa wameshika vyeo vyote viwili. Mwanahistoria Myahudi Yosefo anasema Aristobulo, mmoja wao, alijivika taji mwaka 104 K.K. hali ni kuhani mkuu. Kwa watu waliomchukia kuhani huyo wa Yerusalemu, kuvitenga vyeo ilikuwa ni kumhukumu. Wazo lilidumu: katika vita vya Wayahudi dhidi ya Roma vya 132–135 B.K. sarafu za waasi zina majina mawili, "Simoni, mkuu wa Israeli" na "Eleazari kuhani". Simoni huyo ni Bar Kokhba, kiongozi wa uasi huo, ambaye rabi Akiva alimtambua kuwa nyota ya Hesabu 24:17.

*Kuna zabibu za ajabu siku za Masihi? Mzee mmoja wa kanisa ananiambia ni maneno ya Yesu. — Baba wa familia, Kamalondo*

Ni 2 Baruku 29:5, kitabu cha Kiyahudi cha wakati uleule wa Ezra wa Nne, tunachokijua hasa kwa nakala ya Kisiria iliyoko Milano. Mzabibu mmoja utakuwa na matawi 1,000, kila tawi vichala 1,000, kila kichala zabibu 1,000, kila zabibu itatoa kori moja ya divai. Kori ni bathi kumi (Ezekieli 45:14), kama lita 220, zaidi kidogo ya pipa moja. Zidisha: mzabibu mmoja una zabibu bilioni moja. Pamoja nayo Behemothi na Leviathani, wanyama wakubwa wa kutisha waliowekwa tangu siku ya tano ya uumbaji, watakuwa chakula cha waliosalia, na mana itashuka tena. Zingatia wanaolishwa ni akina nani: sura ya 27 imetaja misiba 12 iliyotangulia, pamoja na njaa na ukosefu wa mvua, na 29:6 inasema waliokuwa na njaa watafurahi.

Mzee wako naye hakubuni. Papia, askofu wa karne ya 2, aliyasimulia kama maneno ya Bwana yaliyopokewa kwa Yohana, na Irenayo wa Lyon akayaandika. Kwa Papia elfu zimekuwa elfu kumi, ngazi za matawi zimeongezwa, na kila zabibu inatoa metrete 25 (kipimo cha Kigiriki cha divai). Katika Injili nne hayamo. Akiyasema tena, mwombe ataje Papia.